"Kinky hair" na maswali yenu

Swali: Kule Kenyatta Market, Nairobi, kila msusi anasema "kinky". Hasa ni nywele gani?

Ni kipilipili. Asili ya neno ni Kiholanzi, "kink", yaani pindo linalojitokeza kwenye kamba iliyojisokota. Unywele wa "curly" hujiviringa. Wa "kinky" hujisokota kwa kubana sana, au hujikunja kwa pembe kalikali kama herufi Z. Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, alipanga nywele kwa aina nne: "straight" (singa), "wavy" (za mawimbi), "curly", kisha "kinky".

Swali: Kwa hiyo "nywele ngumu" niseme "hard hair"?

Usiseme. Ukitaka kutaja unene wa unywele mmoja mmoja, neno ni "coarse". "Kinky" hutaja umbo tu, na nywele nyingi za kipilipili ni nyembamba na hukatika upesi kwa kitana. Ukimwambia msusi mgeni "coarse" atavuta kwa nguvu pasipostahili.

Swali: Niliandika "My sister is kinky", mwalimu akakata kwa kalamu nyekundu. Kosa ni nini?

Neno likimwelezea mtu huacha nywele na kuingia chumbani: umesema dada yako ana matamanio ya kimapenzi yasiyo ya kawaida. Lifunge kwenye "hair" kila mara. "My sister has kinky hair" ni salama, na "Her hair is kinky" pia.

Swali: Na "Her hairs are kinky"?

Hapo Kiswahili kimekuponza. Sisi tuna unywele na nywele, basi tunasema "nywele zake ni". Kwa Kiingereza nywele za kichwa hazihesabiwi: "Her hair is". "Hairs" ni za kuhesabu moja moja, mfano mvi mbili: "two grey hairs".

Swali: "Nappy" ni sawa na "kinky"?

Umbo ni lilelile, lakini neno limebeba dharau ya tangu enzi za utumwa Marekani. Aprili 2007 mtangazaji Don Imus alipoteza kipindi chake cha redio kwa kuwaita hivyo wasichana wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Rutgers. Baadhi ya Wamarekani weusi hulitumia wao kwa wao kwa fahari, wewe liache. Uingereza, "nappy" ni nepi ya mtoto.

Swali: Nipange vipi "black", "long" na "kinky"?

Urefu, umbo, rangi: "long kinky black hair".