Kwa wanaoanza mfululizo wa shule ya uchawi: yasemwe kabla ya juzuu ya kwanza

Miswada ya waandishi wapya imenifikia tena, na kwa mara nyingine nimekutana na yatima asiyejua asili yake, barua inayofika usiku wa manane, mwalimu wa dawa mwenye hasira za bure na unabii ulioandikwa kwa vina. Sina ugomvi na yatima. Kinachonikera ni kuona vijana wenye vipaji, ambavyo mimi sikuwa navyo nilipokuwa na umri wao, wakitumbukia katika mashimo yaleyale tuliyotumbukia sisi, na wanapoonywa hutabasamu kwa adabu kisha huendelea na safari. Basi nayaandika, ili wakitumbukia nisiambiwe kwamba nilinyamaza.

1. Anza na shule, uchawi utafuata. Riwaya za bweni zilikuwapo muda mrefu kabla ya wachawi kuhamia humo: ile ya Thomas Hughes kuhusu Tom Brown ilitoka Uingereza mwaka 1857, na tayari ilikuwa na mgeni asiyejua desturi, mnyanyasaji wa bweni, mtoto dhaifu anayehitaji mlinzi na mwalimu mkuu anayeheshimiwa na kuogopwa. Mifupa hiyo ndiyo inayobeba hadithi zenu hadi leo, pamoja na ratiba, mitihani, adhabu na likizo. Hivi karibuni nilisoma mswada ambao wanafunzi wake hawakuingia darasani hata mara moja katika nusu nzima ya kitabu, na nilipouliza wanasoma nini, mwandishi akajibu kwamba wanasoma uchawi. Uchawi upi, saa ngapi, unafundishwa na nani, na anayefeli hufanywaje? Naomi Novik, katika mfululizo wake wa vitabu vitatu ulioanza mwaka 2020, aliwaondoa walimu wote, lakini ratiba, kazi za darasani na siku ya kuhitimu alizibakiza, na ndizo zinazomtia msomaji hofu kuliko hayawani wanaonyemelea katika korido.

2. Kila uwezo uwe na gharama na mpaka. Katika ulimwengu wa Earthsea, ambao Ursula K. Le Guin alianza kuuandikia riwaya mwaka 1968, mchawi hawezi kukitawala kitu asipojua jina lake la kweli, na kila tendo lake huigusa mizani ya dunia. Nnedi Okorafor, katika riwaya yake ya mwaka 2011 iliyojengwa Nigeria, aliuambatanisha uchawi na elimu yenyewe, kwani mhusika anapojifunza jambo huangukiwa na chittim, ambazo ndizo fedha za jamii hiyo. Ukishaitaja kanuni yako, msomaji ataishika, hata kama wewe utaisahau.

Mimi niliisahau. Katika juzuu ya kwanza ya mfululizo wangu wa mwanzo niliandika sura ya mtihani, na kwa kuwa chumba kilionekana kitupu, nikamwekea mwalimu mshumaa mezani ambao mwali wake humwinamia anayesema uongo. Ulikuwa pambo tu. Ulimnasa mvulana mmoja aliyenakili majibu, wasomaji wakacheka, nami nikaendelea na mambo niliyoyaona kuwa mazito. Ilipofika juzuu ya tatu, msuko mzima ulimtegemea msaliti aliyejificha miongoni mwa walimu, akihudhuria vikao mwaka mzima na kukana kila tuhuma bila kutetereka. Mhariri hakugundua kitu, wala mimi. Kitabu kilipokwisha kuchapishwa, msomaji mmoja kijana aliniandikia barua ya heshima kupita kiasi, akiomba radhi kwa kunisumbua, na kuuliza kwa nini mwalimu mkuu hakuuwasha ule mshumaa.

Sikupata jibu. Nilifikiria kusema kwamba nta ilikwisha, halafu kwamba mshumaa uliibwa, mpaka nikatambua kwamba kitu cha namna hiyo kikiibwa shuleni hakuna atakayezungumzia jambo jingine. Hatimaye, katika juzuu ya nne, nilimpa mtunza maktaba sura nzima ya kueleza kwamba mwali huo huwatambua watoto peke yao, na hakuna sura yangu iliyochekwa kama ile. Hata hivyo kicheko hakikuniuma kama nilivyoumia baadaye nilipotambua kwamba mshumaa ungeweza kuwa zawadi bora kuliko zote katika mfululizo ule: ungenilazimisha kumuumba msaliti asiyesema uongo hata mara moja, anayechagua tu swali la kujibu, ili anayerudi kusoma tangu mwanzo ayaone maneno yake yakiwa wazi mbele ya macho ya kila mtu. Nilikuwa na hazina mkononi nikaitumia kupamba meza. J. K. Rowling alipoingiza kifaa cha kurudisha wakati nyuma katika kitabu cha tatu cha mfululizo wake wa Harry Potter, mwaka 1999, alifika mahali katika kitabu cha tano, mwaka 2003, akavivunja vifaa vyote vya aina hiyo katika pambano moja, na mimi nauheshimu ujasiri huo kuliko sura yangu ya maktaba.

3. Wekeni daftari la mfululizo lenye kila kanuni, umri, jina na kovu, pamoja na ukurasa lilipotajwa.

4. Wanafunzi hukua, na sauti ya kitabu ikue nao. Nimewahi kusoma mhusika ambaye katika juzuu ya nne alikuwa amepita vita, mazishi na mapenzi mawili, lakini aliendelea kununa kama siku aliyopokea sare.

5. Mteule anayeshinda kwa sababu ni mteule hajashinda kitu.

6. Toeni sababu ya watoto kutowaambia walimu. Hapa ndipo miswada mingi hufia. Mwandishi mmoja nilimuuliza kwa nini msichana wake, akijua kuna mlango unaomeza watu chini ya bweni, hakwenda kumwambia mtu mzima yeyote, naye akajibu kwa unyofu kwamba hadithi ingekwisha. Nilimrudisha akajibu tena kwa kinywa cha msichana huyo. Alirudi na sura mpya ambamo msichana anakwenda kusema, mwalimu anamwamini papo hapo, na kwa kumwamini anaufunga mlango kwa nguvu zake zote huku wanafunzi wawili wakiwa bado upande wa pili. Ni sura ambayo ningefurahi kuitia sahihi yangu. Sasa anatakiwa aeleze ni kwa vipi mwalimu huyo bado anafundisha katika juzuu ya pili, na hilo hajanijibu.