Mbona shaba inakuja madoadoa kwenye kijiti cha betri?

SWALI: Shikamoo anko. Nipo Ngamiani, Tanga. Nimechomoa kile kijiti cheusi cha betri kubwa ya redio nikakitia kwenye maji ya mrututu (ile chumvi ya buluu yenye shaba), negativu ya chaja ya simu kwenye kijiti, positivu kwenye waya wa shaba. Nilitaka kiwe chekundu chote lakini yamekuja madoadoa tu, baadae unga wa kahawia ukigusa unadondoka. Nikijaribu kwenye kipande cha waya wa shaba mwanzoni inashika vizuri. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Madoadoa sio tatizo, ndo tabia ya kaboni, na kijiti chako ni kaboni ya aina ya grafiti. Atomu zake zimeshikana zenyewe kwa zenyewe hazina haja na mgeni, sasa shaba ikifika pale inapendelea kushikana na shaba mwenzie, kwahiyo fuwele za kwanza, yaani punje za shaba, zinaanzia penye mkwaruzo, ufa au ukingo wa tabaka, na zikiwa ndogo mno zinayeyuka zinarudi majini. Hapo ndo ugumu wote. Ni kama bao barazani, wakishakaa watatu wanne kila anayepita anasogea hapohapo. Punje inapanda juu na kutanuka, maji ya jirani yanaishiwa shaba, punje mpya haizaliwi karibu nayo. Wanasayansi Scharifker na Hills walitoa hesabu zake mwaka 1983, mpaka leo maabara wanazitumia kujua kama punje zimezaliwa zote kwa mpigo au kidogokidogo. Kwenye waya shaba inakaa juu ya shaba, haina shida hiyo.

Unga ni habari nyingine, hiyo ni chaja yako. Volti 5 nyingi mno! Shaba inaisha usoni pa kijiti haraka kuliko inavyoletwa, ncha iliyochomoza inaiwahi, inarefuka, inaota matawi membamba yasiyo na nguvu.

Piga kijiti msasa, na kabla ya hapo kipashe moto ukiwa nje maana vingi vina nta. Anza na betri mbili za volti 1.5 sekunde chache tu punje zizaliwe nyingi, alafu toa moja, waya uweke mbali kidogo, koroga taratibu. Usiwe na haraka, umeme wa amp 1 saa nzima unaweka kama gramu 1.2 tu. Punje zikishagusana uso wote ni shaba, inaendelea kama kwenye waya.

Na mrututu ni sumu, vaa glavu, usimwage mtaroni ukaenda baharini kuua samaki. Maji yake yatie chupani uyatumie tena, waya wa positivu unayarudishia shaba yake.