Maswali na Majibu: Kompyuta Bubu na Fundi wa Fleshi Moja

*Umeme ulikatika usiku, uliporudi ukaja kwa nguvu hadi taa moja ikapasuka. Kompyuta yangu ya mezani inawaka na inafanya kila kitu isipokuwa kutoa sauti. Fundi ameshapiga Windows upya mara mbili, na mara ya pili picha za harusi ya mdogo wangu zikaenda nayo. Sasa anasema tupige ya tatu. (Msomaji, Morogoro)*

Pole sana, dada. Huyo fundi wako namjua ingawa sijawahi kumwona. Yupo kila mtaa, ana fleshi moja mfukoni, na kila ugonjwa dawa yake ni hiyo hiyo. Kompyuta inapata moto, piga Windows. Kitufe cha herufi A hakibonyezeki, piga Windows. Sasa umeme umeunguza chipu ya sauti, naye bado anapiga Windows.

Kabla ya yote angechomeka hizo spika kwenye simu au redio, maana huenda zilizokufa ni spika zenyewe. Zikilia huko, rudi kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc. Itafunguka orodha ya vifaa. Tazama kundi la sauti. Kama zamani ulikuwa na Realtek (jina la chipu ya sauti ya kompyuta nyingi) na sasa haipo, au limebaki jina la kadi ya picha tu (hilo ni la sauti inayopita kwenye waya wa HDMI unaokwenda kwenye skrini), madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, haiioni tena chipu yake ya sauti. Ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka) uhakikishe sauti haijazimwa huko. Mwisho, iwashe kwa fleshi yenye Ubuntu (mfumo wa bure wa jamii ya Linux unaoshika nafasi ya Windows) na uchague kuijaribu bila kuiweka kwenye diski. Sauti ikitoka, kosa ni la Windows na mimi nitamwomba fundi radhi. Isipotoka hata huko, andaa mazishi ya chipu.

Mazishi yenyewe si ya gharama. Nunua kadi ya sauti ya USB, kile kidude kidogo kama fleshi chenye tundu mbili. Hakihitaji CD wala kudaunilodi chochote, kwa sababu Windows na Linux zote zina draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya sauti ya USB ndani yake. Chomeka, subiri kidogo, sikiliza. Usikubali kuuziwa madabodi nzima kwa ajili ya sauti.

Hukuniuliza, lakini nasema: umeme ulioua chipu ya sauti haukuishia hapo kwa adabu. Fungua kasha, tazama kapasita za madabodi (vile vimikebe vidogo vilivyosimama) kama zimevimba vichwa, na unuse pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Hamisha kazi zako muhimu leo, siyo Jumamosi. Na ile ekstensheni yenye kitaa chekundu siyo kinga ya umeme, ni ekstensheni yenye kitaa chekundu. Kuhusu picha, acha kabisa kuandika kitu kipya kwenye diski hiyo, itoe, umpelekee mtu mwenye programu ya kurejesha mafaili. Kwa Windows iliyopita juu yake sikuahidi zote, ila baadhi huenda zikapatikana.

*Kompyuta yangu haitoi sauti. Naomba msaada.*

Gari langu haliendi. Nami naomba msaada.

Nimeshaandika hapa mara nyingi kiasi kwamba hata mhariri amechoka: taja kompyuta gani, ilianza lini, nini kilitokea siku hiyo, na je, sauti inatoka ukichomeka hedifoni? Hilo la hedifoni peke yake linamaliza nusu ya kazi.

*Laptopu ilianguka hedifoni zikiwa zimechomekwa. Pini ikakatikia ndani. Tangu hapo spika hazilii kabisa. Kaka yangu anasema nipake supagluu kwenye kijiti niivute. (Kijana wa Tanga)*

Mwambie kaka yako asante, na ufiche supagluu. Mimi nilishafanya ujanja huo kwenye laptopu yangu mwenyewe: pini haikutoka, kijiti hakikutoka, na tundu likawa sanamu.

Spika zako ni nzima. Tundu la hedifoni lina swichi ndogo ndani. Pini ikiingia, kompyuta inaambiwa kwamba msikilizaji amehamia masikioni, nayo inazinyamazisha spika. Kipande kile bado kinaibonyeza swichi. Zima laptopu kabisa, toa betri kama inatoka, kisha mpe fundi wa simu mwenye kibano chembamba. Kwenye laptopu nyingi tundu hilo liko kwenye kipande kidogo cha bodi cha pembeni, pamoja na tundu za USB, na kipande hicho hubadilishwa bila kugusa madabodi. Muulize hivyo hivyo kabla hajakutajia bei.

Wenye MacBook za zamani nao wana balaa la jamaa hiyo: ukiona mwanga mwekundu ndani ya tundu na spika ziko kimya, swichi imekwama upande wa sauti ya mwanga, yaani ile inayotoka kwa waya wa mwanga badala ya umeme. Kijiti cha meno, taratibu, bila supagluu.

*Kadi ya picha ilikufa, nimeweka nyingine na skrini nimeiunga kwa HDMI. Sauti imepotea.*

Haijapotea, imehamia kwenye skrini ambayo pengine haina spika. Windows na R, andika mmsys.cpl, chagua spika zako, zifanye chaguo la kwanza.

*Kasha lilivunjika, nikahamishia madabodi kwenye kasha la zamani la ofisini. Tundu la nyuma linatoa sauti, la mbele halitoi. Nilijaribu waya kwenye pini mbalimbali, bado.*

“Pini mbalimbali” ndiyo maneno yaliyonitoa jasho, bwana.

Kwenye madabodi pini za sauti ya mbele na pini za USB zinafanana kama mapacha: safu mbili, pini 9, pengo moja. Tofauti ni mahali pengo lilipo. Ya sauti inakosa pini namba 8, ya USB inakosa namba 9. Ukilazimisha waya wa sauti kwenye USB unapeleka volti 5 kwenye waya za sauti, na ukilazimisha wa USB kwenye sauti, fleshi ya mtu haitasomeka. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi. Makasha mengi ya zamani yana vichwa viwili kwenye waya mmoja, AC'97 (mtindo wa zamani wa sauti) na HD AUDIO (mtindo mpya). HD AUDIO ilikuja mwaka 2004, na madabodi yako karibu hakika ni ya baada ya hapo. Chomeka hicho, kingine kiache kining'inie. Waya ukiwa na AC'97 tu, tumia tundu la nyuma.

*Ipi ni programu nzuri ya kutafuta draiva zote bure?*

Hakuna. Tovuti ya aliyetengeneza kompyuta yako. Swali linalofuata.

*RAM moja iliharibika nikaweka nyingine. Sasa kompyuta haionyeshi kitu, inapiga honi tu. Nimebadilisha spika, honi ipo pale pale.*

Hiyo siyo sauti ya spika zako. Ni madabodi inalalamika kupitia kifilimbi chake, na hapa inalalamikia RAM, kile kibao cha kumbukumbu ulichobadilisha. Itoe, safisha meno yake kwa raba ya penseli, irudishe hadi vibanio vilie. Honi ikiendelea, huenda umenunua RAM mbovu au isiyopatana na madabodi yako.

*Chaja yangu iliungua, nimenunua nyingine mtaani. Kila nikichaji, spika nilizochomeka zinanguruma. Spika zimekufa? (Mwalimu, Mwanza)*

Chomoa chaja, mwalimu, laptopu ibaki kwenye betri. Mngurumo ukikatika papo hapo, spika hazina kosa. Chaja hiyo inapitisha uchafu wa umeme, au ni ya pini mbili uliyoiingiza kwenye soketi ya tatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kijiti, kama tunavyofanya wote huku tukijua hatupaswi. Tundu hilo la juu ni la ardhi. Tafuta chaja ya pini tatu yenye volti zile zile zilizoandikwa chini ya laptopu, na hii irudishe dukani risiti ikiwa bado inasomeka.