Usiiondoe Chrome! Mwanzo mjue nani kakuzuilia arifa

Usiguse kitu mwanzo. Umeandika kwamba ukurasa wa bukingi wa nyumba yenu ya wageni huko Makangale hauleti tena arifa kwenye kompyuta ya mapokezi, na kwamba kesho anakuja fundi kuiondoa Chrome na kuitia upya "iwe safi". Huyo fundi mpigie sasa hivi, mwambie asije. Akiwa keshafika, mpe chai na mandazi, lakini mausi asiishike.

Mie niko Jambiani, kazi yetu ndiyo hiyo hiyo, na maradhi yetu yalikuwa hayo hayo. Mgeni anabuki usiku, arifa haitokei, asubuhi ukiufungua ukurasa unakuta ujumbe wake umelala tangu jana. Tukamwita fundi kutoka mjini. Alikaa kitini, hakuuliza hata swali moja, akaenda moja kwa moja kwenye orodha ya programu na kubofya kuiondoa Chrome. Pakatokea kidirisha kidogo, na chini yake kisanduku kitupu kinachouliza kama na data zako za kuvinjari zifutwe pia. Akatia tiki. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nikamuuliza ile tiki ina maana gani. Akanijibu bila kugeuka: "Takataka hizo, ndizo zinazoifanya mashine iwe nzito."

Takataka! Ndani ya takataka hizo yalikuwamo maneno ya siri yote ya ofisi. Barua pepe ya bukingi, akaunti ya ule ukurasa wenyewe, akaunti ya mtu wa boti, kurasa zote tulizoziwekea alama. Chrome ile haikuwa imeingizwa kwenye akaunti yoyote ya Google, kwa hivyo hapakuwa na nakala pahala popote. Kilichofutwa kimefutwa. Na nani alikuwa akiyajua yale maneno ya siri kwa kichwa? Kijana aliyeshika mapokezi kabla yetu, ambaye keshahamia Muscat. Barua pepe ilikuwa imeunganishwa na namba yake ya hapa, laini ambayo imekufa zamani. Ukibofya kwamba umesahau neno la siri, msimbo unatumwa kwenye namba isiyokuwa na mwenyewe. Ukibofya tena, unatumwa huko huko.

Na wale mnaojiandaa kuniuliza kwa nini hatukuandika kwenye daftari: daftari la mapokezi linasomwa na kila mgeni anayeegemea ile kaunta. Ukiandika humo neno la siri, bora ulibandike kwenye mnazi wa njiani.

Mwezi wenyewe ulikuwa Agosti. Anayeijua pwani yetu mwezi wa Agosti hahitaji kuelezwa. Wageni wanashuka bandarini Malindi, mjini Unguja, wengine uwanja wa ndege, wana uthibitisho mkononi, na sisi hatuna habari zao wala hatuwezi kuingia kuangalia. Kuna familia ilifika usiku na teksi, watoto wamelala mabegani, na chumba chao tumeshampa mtu aliyekuja kwa miguu mchana wake. Tukawatafutia pa kulala kwa jirani, kwa bei ya jirani, tukalipa sisi. Hao walikuwa waungwana. Waliofuata waliandika maoni, na maoni yale yapo mpaka leo, kila mtu anayetaka kubuki anayasoma. Fundi alichukua pesa yake taslimu na nauli ya daladala juu. Tulipompigia kumweleza, alisema tatizo ni mtandao.

Sasa sikiliza vizuri. Akaunti tuliipata mwishowe, baada ya kuandikiana sana na wenye ule ukurasa na kuwatumia karatasi za leseni. Tukaingia, tukaruhusu arifa upya, tukabuki chumba chetu wenyewe kwa majaribio. Kimya. Chrome mpya kabisa, na arifa hakuna. Kwa sababu Chrome haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Aliyeona ni mpwa wangu anayesoma SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, alikuja tu kututembelea. Akatazama chini kulia pembeni ya saa, akaniuliza: "Mjomba, hiki kimwezi kimewashwa na nani?" Kulikuwa na alama ndogo ya mwezi mwandamo pale, sote tukiiona kila siku. Alipobofya, ukafunguka upau wa pembeni, na ndani yake ile arifa yetu ya majaribio imekaa kimya. Ilikuwa ikifika. Haikuwa ikioneshwa.

Windows 10 ina kitu kinaitwa Focus assist, kazi yake ni kunyamazisha arifa. Kina kanuni za kujiwasha chenyewe, na moja ni pale skrini inaporudufiwa kwenye skrini nyengine. Sisi tulikuwa tumeiunga kompyuta na televisheni ya ukumbini ili wageni waone saa za boti na safari za Mnemba. Windows ikaona huyu mtu anatoa mada mbele ya watu, tusimkatize. Na tangu 2018 Chrome kwenye Windows 10 haioneshi arifa zake yenyewe, inazikabidhi kwa Windows ndiyo izioneshe. Windows ikinyamaza, hata uitie Chrome mpya kila asubuhi, hutosikia kitu.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka mnichoke: usifute kitu mpaka umjue aliyezuia. Wanaoweza kuzuia ni watatu, kompyuta, brauza (yaani Chrome au mwenzake) na tovuti yenyewe, na wote watatu wana swichi. Swichi inawashwa, haifutwi.

Anza na kompyuta, maana ndiyo wasiyoiangalia. Windows 10 tafuta kimwezi, zima Focus assist, halafu ingia kwenye setingi zake uzizime na zile kanuni za kujiwasha, la sivyo itarudi kesho. Windows 11 ya sasa wanaiita Do not disturb, na alama yake ni kengele yenye herufi za usingizi. Kisha kwenye setingi za arifa za mfumo, teremka kwenye orodha ya programu uhakikishe Chrome imewashwa. Mac nayo ina orodha kama hiyo kwenye sehemu ya arifa.

Ukishatoka hapo ndipo uende kwenye brauza. Fungua ukurasa wa bukingi, kushoto ya anwani kuna alama. Zamani ilikuwa kufuli, tangu 2023 ni vijistari viwili vyenye vidoti. Bofya, uone arifa zimeruhusiwa au zimezuiwa. Zikiwa zimezuiwa, ruhusu, pakia ukurasa upya. Na kama kile kidirisha cha kuomba ruhusa mmekuwa mkikifunga tu bila kujibu, jueni kwamba mkikifunga mara tatu Chrome inauzuia ukurasa huo yenyewe kwa wiki nzima. Zamu ya asubuhi anafunga, zamu ya jioni anafunga, halafu watu wanasema kompyuta ina jini. Dirisha la siri (Incognito) nalo halileti arifa kabisa, usijaribie humo. Wa Firefox, tangu Januari 2020 ombi halikurukii usoni, linabaki alama ndogo kwenye upau wa anwani mpaka uibofye wewe.

Tovuti yenyewe ndiyo ya mwisho: ingia kwenye akaunti yenu, angalia kama swichi ya arifa imewashwa. Mkifuta vidakuzi (cookies) na data za tovuti, usajili wa arifa unakwenda nao, hata kama ruhusa inaonekana ipo. Hapo inabidi uzime na kuwasha upya ndani ya tovuti. Ndiyo maana "kusafisha" kwa fundi kunaweza kuua hata kile kilichokuwa kizima.

Na mkiruhusu, ruhusuni ukurasa mmoja huo tu. Kurasa zinazokwambia ubofye Ruhusu ili uthibitishe wewe si roboti zinataka kukujazia matangazo na vitisho vya virusi vya uongo. Usibofye.

Lakini kabla ya yote hayo, leo hii kabla hujakabidhi zamu, ingia kwenye kidhibiti cha manenosiri cha Chrome, uyahamishe kwenye faili, ulitie kwenye flashi na flashi umkabidhi bosi, kisha ulifute faili kwenye kompyuta ya mapokezi. Halafu fungua barua pepe ya bukingi uangalie namba ya kurejeshea akaunti ni ya nani. Ikiwa ni ya mtu aliyekwishaacha kazi, ibadilishe sasa, wakati bado mmo ndani. Ukimaliza, rudi utuandikie ni Windows gani na kama mmeunga televisheni yoyote.