Kabla ya Kununua Mabasi Mapya, Tafuta Dakika Zinazopotea

Jiji likilemewa na foleni, utasikia mapendekezo mawili: reli ya juu na mabasi mapya. Yote mawili yana wakati wake, lakini kazi haianzii hapo. Inaanza na mtu mwenye saa na daftari aliyepanda njia zilizopo leo, asubuhi, mchana na jioni, akiandika basi limesimama wapi, kwa muda gani na kwa sababu gani. Usafiri wa umma unalipiwa kwa dakika, maana dakika ndizo zinazogeuka kuwa mishahara ya madereva, mafuta na idadi ya magari.

Chukua njia ya kilomita 15 ambayo basi hutembea kwa wastani wa kilomita 18 kwa saa, vituo na foleni zikiwa ndani ya wastani huo. Kwenda ni dakika 50, kurudi 50. Weka dakika 5 za kupumzika kila mwisho wa njia, mzunguko mzima unakuwa dakika 110. Ukitaka basi lipite kila dakika 10, gawanya: unahitaji mabasi 11. Foleni ikizidi na mwendo ukashuka hadi kilomita 15 kwa saa, mzunguko unakuwa dakika 130 na mabasi yanakuwa 13. Hapo umeongeza magari mawili pamoja na madereva wa zamu zake zote, na abiria hajapata hata basi moja la ziada kituoni kwake. Mwendo ukipanda hadi kilomita 20 kwa saa, mzunguko ni dakika 100 na yanatosha mabasi 10. (Bado hujahesabu ya akiba, tenga kati ya asilimia 10 na 15 kwa ajili ya matengenezo.)

Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji liwe: dakika zinapotelea wapi?

Mara nyingi jibu la kwanza ni vituo vyenyewe. Kila basi linaposimama hupoteza sekunde 15 hadi 20 kwa kupunguza mwendo, kufungua na kufunga milango na kurudi barabarani, kabla hata ya kuhesabu muda wa abiria kupanda. Kwenye njia yetu ya kilomita 15, vituo vya kila mita 250 ni kama 60. Ukivipanga kila mita 400 vinabaki 37 au 38. Umeokoa dakika 6 au 7 kwa upande mmoja, yaani dakika 12 hadi 14 kwa mzunguko, zaidi ya basi zima. Anayekaa katikati ya vituo viwili hatembei zaidi ya mita 200 kukifikia kilicho karibu, mwendo wa dakika mbili na nusu hivi. Malalamiko yatakuwepo, hasa ya wazee na wagonjwa, kwa hiyo usikate vituo kwa rula. Acha kile cha hospitali, cha soko na cha kila makutano ya njia, kisha ondoa vile vilivyo karibu navyo mno.

Halafu mlangoni. Abiria anayelipa taslimu kwa mtu aliye mlangoni hutumia sekunde 4 hadi 5, mwenye kadi pungufu ya 3, na aliyekwisha kulipa chini ya 2. Watu 40 wakisubiri kituo kimoja, malipo ya taslimu kwenye mlango mmoja yanakula kama dakika 3, wakati waliolipa kabla na kuingia kwa milango miwili humalizika ndani ya sekunde 40. Hii ndiyo siri ya vituo vyenye umbo la bomba vya Curitiba, Brazili, vilivyoanza mwaka 1991: nauli inalipwa kabla basi halijafika, na sakafu ya kituo inalingana na sakafu ya basi.

Njia maalumu ya mabasi ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi, kwa sababu hujengwa pale penye nafasi badala ya pale penye foleni. Mita 200 kabla ya makutano yaliyokaba zina faida kuliko kilomita tatu kwenye barabara inayopumua. Pima mkia wa foleni katika saa mbaya kuliko zote, kisha anzisha njia hiyo nyuma ya mkia huo. Ukiianzisha mbele yake, basi litakwama nyuma ya magari madogo likiitazama njia yake tupu bila uwezo wa kuifikia. Kituo kiweke baada ya taa, si kabla, hasa kama taa zimefungwa mfumo wa kuyapa mabasi kipaumbele. Kikiwa kabla, taa inawaka kijani wakati basi bado linapakia. Njia ya pembeni mwa barabara huzibwa na lori moja tu linaloshusha mzigo, na ndiyo maana Seoul, katika mageuzi ya mwaka 2004, iliweka njia nyingi za mabasi katikati ya barabara kuu. Gharama yake ni vivuko salama vya waenda kwa miguu, na ukivibania, watu watarukia popote.

Jambo moja la ujenzi ambalo wahandisi wa barabara husahau: mahali basi linaposimama pamwagwe zege, si lami. Basi zito likifunga breki palepale mamia ya mara kwa siku kwenye joto, lami husukumwa na kufanya mifereji ya matairi. Ndani ya muda mfupi dereva analiweka basi mbali na ukingo ili asitumbukie humo, pengo kati ya mlango na kituo linapanuka, na mwenye kiti cha magurudumu hawezi tena kupanda bila kubebwa.

Sasa ratiba. Mabasi ya kila dakika 10 hayabaki ya kila dakika 10 yakiachwa yenyewe. Lililochelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, linapakia kwa muda mrefu, linazidi kuchelewa. La nyuma yake linakuta vituo vitupu na kulisogelea. Mwishowe yanafuatana, moja limejaa hadi mlangoni, jingine tupu. Tuseme yanapita mawili kila dakika 20, yakiachana kwa dakika 2, kisha pengo la dakika 18. Kwenye karatasi bado ni mabasi sita kwa saa. Lakini abiria tisa kati ya kumi hufika kituoni ndani ya lile pengo refu, na wastani wa kusubiri unapanda kutoka dakika 5 hadi 8.2. Ripoti itasema huduma imetolewa kwa asilimia 100, na abiria atasema hakuna mabasi, na abiria ndiye mwenye haki.

Dawa iko mwishoni mwa njia, ambapo basi lililochelewa hufupisha mapumziko na kuondoka kwa wakati. Usipange mapumziko kwa wastani. Chukua muda ambao safari tisa kati ya kumi humalizika. Kama wastani ni dakika 50 lakini tisa kati ya kumi humalizika ndani ya 58, zile dakika 5 tulizoweka hazitoshi, zinatakiwa 8 kila mwisho. Mzunguko unafika 116 na unahitaji basi la 12. Watu wa fedha watalipinga basi hilo. Wapigie hesabu ya 2 na 18. Na pale mwisho pawe na choo cha madereva. Pasipokuwepo, safari zitaondoka kwa kuchelewa kila siku na hakuna mtambo utakaoeleza kwa nini.

Dakika zikishapatikana ndipo uguse ramani. Kosa la kawaida ni njia kumi zote kwenda katikati ya jiji, zikibanana kilomita tano za mwisho huku vitongoji vikipata basi kila baada ya saa. Barcelona, kati ya 2012 na 2018, ilisuka upya mtandao wake kwa njia kuu 28: 8 za mlalo, 17 za wima na 3 za mshazari, ili mtu afike karibu popote kwa kubadilisha basi mara moja. Houston, Marekani, ilibadilisha mtandao wake mzima wa mabasi ya ndani ya jiji kwa siku moja, Agosti 2015, baada ya bodi kukata shauri gumu kwanza: asilimia 80 ya huduma ifuate abiria wengi, 20 ibaki kwa maeneo yenye watu wachache. Mgawo huo ni uamuzi wa kisiasa, si wa kihandisi. Asiyetaka kuutamka waziwazi huishia kuahidi yote mawili kwa bajeti moja.

Mtandao wa kubadilisha mabasi hufa kwa nauli. Mtu akitozwa upya kila anapopanda, atang'ang'ania njia ndefu ya moja kwa moja hata kama ni ya polepole. Seoul iliunganisha nauli za basi na treni na kuzihesabu kwa umbali wa safari nzima. Kwa njia za kila dakika 10 huhitaji kulinganisha ratiba; kwa za kila dakika 30, ni lazima zikutane kituoni kwa wakati mmoja, na muda wa kutoka kituo kikuu kimoja hadi kingine uwe pungufu kidogo ya dakika 30 au 60, jinsi Uswisi inavyopanga treni zake.

Haya yote yatakwama kama dereva anatakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku. Atasubiri lijae, atakimbizana na mwenzake, ataruka kituo cha mtu mmoja. Na kwa masharti aliyopewa anafanya sahihi. Mlipe mwendeshaji kwa kilomita alizotembea ndani ya ratiba, umkate kwa safari zisizofanyika, na nauli iingie kwenye mfuko wa pamoja.

Siku ya kubadilisha, kila kituo kiwe na karatasi inayosema njia gani inapita hapo na inaelekea wapi, si ramani ya jiji zima. Madereva wawe wameziendesha njia mpya wakiwa hawana abiria. Wiki sita za kwanza rekebisha muda wa safari tu, usiguse njia, kwa kuwa abiria wengi bado wanajifunza na idadi yao haijasema kitu. Mashinikizo ya kurudisha njia ya zamani huwa makali kuliko wakati wowote katika wiki hizohizo.