Rafiki wa mhusika mkuu naye ana maisha yake

SWALI: Naandika riwaya ya mapenzi ya vijana. Walioisoma wanasema Neema, rafiki wa mhusika wangu mkuu, hana uhai. Nimrekebisheje? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Chukua kalamu nyekundu, pigia mstari kila anachosema Neema. Ukikuta karibu chote ni "Ehe, akakujibuje?", umemfanya sikio la kupokea siri tu. Mpe shida yake kabla kijana hajaingia kwenye hadithi: tuseme shamba la zabibu la mama yake, na mavuno ya Agosti yanayotaka watu mapema kabla jua halijawa kali.

Kisha urafiki wenyewe uumie. Mhusika mkuu ameahidi kwenda kuvuna Jumamosi, lakini yuko Nyerere Square na kijana, simu kaizima. Usiandike "Neema alikasirika sana." Mwonyeshe jioni anachambua vichala peke yake, vidole vinanata, zilizopondeka anatia kwenye ndoo ya pembeni. Rafiki yake akifika, anamsogezea kigoda, ila habari za kijana haulizi. Ukimya huo ndio utakaomchoma msomaji.

Wengi huharibu hapa: wanawapatanisha ukurasa uleule, kwa hotuba na machozi. Subiri walau sura mbili. Kisha mhusika mkuu atokee shambani alfajiri na mkasi wake, aanze kukata vichala bila maelezo.

Mazungumzo nayo, yasome kwa sauti ukiwa umefunika majina. Ukishindwa kujua nani anasema, mmoja wao bado hajapata sauti yake.