Gari bovu na mkataba umeshausaini

Pole ndugu. Umeuziwa Premio kwenye bondi hapa Uganda, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, mita ya kilomita imerudishwa nyuma, na mkataba unasema "hakuna kurudisha". Wanapenda sana sentensi hiyo! Haimkingi aliyekudanganya: kwa Sheria ya Mikataba ya 2010, aliyesaini kwa kulaghaiwa anaweza kuuvunja mkataba. Ila ukiendelea kuliendesha, watasema umeridhika. Liegeshe. Tafuta makanika asiye wa kwao akuandikie ripoti, piga picha mita, tunza risiti. Mpelekee muuzaji barua, asaini nakala yako kwamba ameipokea. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 huenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, bila wakili. Likizidi, mwone wakili kabla hujaacha kulipa awamu, wasije wakalikamata gari.